Fundi wa Kericho

Mtoto wa Nyangwe hana haja ya kufundishwa matope ni kitu gani. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, njia ya Kasongo hugeuka kuwa potopoto, na kamyo iliyojaa magunia huzama mpaka tumbo lake hulala chini. Hapo shofere hushuka, msaidizi wake hukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, na watu wa kijiji huitwa waje kusukuma. Pengine kamyo hutoka saa ile ile. Pengine hulala pale siku mbili, na shofere hupika chakula chake kando ya njia.

Sasa tufikiri kidogo. Kama shofere yule angeambiwa apite njia za namna hiyo kwa kilometri 5,000, mchana na usiku, kwa siku chache tu, tena kila dakika anayochelewa ihesabiwe kuwa kosa, angefanyaje? Wengi wangejibu kwamba kazi hiyo haiwezekani. Lakini walikuwako watu walioifanya kwa hiari yao wenyewe, na mmoja aliyewapita wengi alikuwa fundi wa motokari, mtu wa Kericho katika nchi ya Kenya. Jina lake Joginder Singh.

Ukitoka Nyangwe ukaelekea maawio ya jua, ukapita Kasongo na Kabambare, ukavuka Ziwa Tanganyika, unafuata njia ya kale ya misafara, ile iliyoleta lugha ya Kiswahili mpaka kando ya Lualaba. Ukiiacha njia hiyo katika Tanzania na kugeukia kaskazini, utafika Kenya. Mji wa Kericho uko huko juu ya vilima, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Nchi ile ni ya baridi, yenye mashamba makubwa ya majani ya chai, na mvua hunyesha karibu kila siku. Chai hupenda mvua. Motokari haziipendi.

Joginder alizaliwa huko tarehe 9 Februari 1932. Wazazi wake walikuwa Wahindi wa Punjab, wa dini ya Masingasinga. Wanaume wa dini hiyo hawakati nywele wala ndevu, nao hufunga kilemba kichwani. Jina lao Singh maana yake ni simba. Baba yake alikuwa na garaji Kericho, na ndimo mtoto alimojifunza kazi: kushika spana, kufungua masini na kuifunga tena, kusafisha kitu kilichojaa matope na mafuta mpaka kionekane kama kipya. Hakusomea kuendesha kwa mbio. Alisomea kutengeneza.

Mwaka 1958 chama cha wenye motokari cha Afrika ya Mashariki kilimwajiri awe mlinzi wake wa kwanza wa barabarani. Kazi hiyo ilikuwa ya kuzunguka katika barabara na kuwasaidia watu walioharibikiwa njiani. Mtu amekwama mlimani, maji ya kupoza masini yamemwagika. Mwingine springi imevunjika. Mwingine hajui ni nini, ila motokari imekataa kuwaka. Fundi wa namna hiyo hana garaji wala taa ya umeme juu ya kichwa chake. Ana sanduku la vyombo tu, na akili yake. Huona kila siku mambo yanayoiua motokari katika barabara za Afrika, na huyaona yote, moja baada ya moja, mpaka anayajua kama vile mwuguzi anavyozijua homa.

Ni vizuri kueleza sasa mashindano yenyewe.

Yalianza mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza wakati ule, na baadhi ya wakazi wapenda motokari walitaka kuiheshimu siku hiyo kwa safari ndefu ya kuzunguka nchi zote tatu. Baadaye mashindano yakaitwa kwa neno moja tu, Safari. Basi neno hilo la Kiswahili, ambalo mtoto hulitumia anapokwenda kwa shangazi yake, likajulikana katika magazeti ya Ulaya, ya Japani na ya Marekani.

Mashindano hayo hayafanani na mbio za miguu, ambamo wote hutoka pamoja na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Motokari huondoka moja moja, nyingine ikingoja dakika kadhaa nyuma ya ile iliyotangulia. Ndani ya kila motokari mna watu wawili: mmoja hushika usukani, mwenziwe hushika ramani na saa, na kumwambia kona iko wapi na daraja liko wapi. Njiani kuna vituo. Kila kituo kina saa yake ya kufikia, nayo huandikwa katika karatasi. Anayechelewa huandikiwa alama za makosa kwa kadiri ya dakika alizochelewa. Mwisho wa yote, mwenye makosa machache kuliko wengine ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo mtu anaweza kufika Nairobi mbele ya macho ya watu wote na kumbe ameshindwa, kwa sababu aliyeondoka nyuma yake alitumia muda mfupi zaidi.

Tena barabara hazikufungwa. Ng'ombe walikuwa wakivuka, mabasi yakipakia abiria, na usiku wanyama wa porini wakisimama katikati wakiitazama taa. Katika miaka mingi mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, na Pasaka ndio majira ya mvua za masika. Mahali palipokuwa na vumbi siku ya Ijumaa Kuu huenda pakawa mto siku ya Jumapili. Mwaka 1963 ziliondoka motokari 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 tena. Nyingine zote zilibaki porini, ama katika mifereji, ama katikati ya maji.

Watu walibuni kila hila ya kutoka matopeni. Msoma-ramani aliruka nje, akapanda nyuma ya motokari na kushikilia, ili uzito wake uyakandamize magurudumu ya nyuma yapate kuuma ardhi. Jambo hili kila shofere wa Maniema analifahamu: gurudumu lisilo na uzito juu yake huzunguka bure na kuchimba shimo. Erik Carlsson, mtu wa Sweden mwenye mwili mkubwa, alifanya ajabu zaidi mwaka 1964. Motokari yake ndogo ya Saab ilipokwama kabisa, aliipindua. Ikabiringika, tairi juu, kisha tairi chini tena, na iliposimama ilikuwa nje ya shimo. Akaingia akaendelea, na katika mashindano hayo akawa wa pili. Waandishi wa magazeti walipokataa kusadiki, akaipindua mara nyingine mbele yao. Shofere wa kamyo asijaribu.

Katika mashindano hayo Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959, mwenye umri wa miaka 27. Hakuwa kijana sana kwa kazi hiyo, wala hakuwa tajiri. Makampuni makubwa ya Ulaya yalikuja na motokari mpya, mafundi wengi, vipuri vya kutosha, na ndege ndogo za kutazama njia kutoka juu. Watu wa garaji walikuja na kile walichoweza kukitengeneza wenyewe.

Ndipo ukaja mwaka 1965. Kampuni ya Volvo ya Sweden ilikuwa imeleta motokari zake katika Safari ya 1964, na mambo hayakuiendea vizuri. Moja ya motokari hizo, ya aina iitwayo PV544, yenye mgongo wa mviringo kama wa kobe, ilibaki Afrika ya Mashariki. Ilikuwa imekwisha kupigwa na mashimo ya maelfu ya kilometri. Joginder na mdogo wake Jaswant waliinunua. Mtu mwingine angeona chuma kilichochoka. Wale ndugu wawili waliifungua, wakaitazama kila sehemu, wakabadili iliyopasa kubadilishwa na kukaza iliyolegea, mpaka wakaijua motokari ile kuliko waliyoiunda.

Safari ilipoanza, Joginder alishika usukani na Jaswant alishika ramani. Na hapa yafaa kueleza fundi anamzidije shofere mwenye mbio tu. Kila motokari ina sauti nyingi. Shofere asiyejua masini husikia kelele, basi. Fundi husikia jina la kila kelele: hii ni springi inalia, ile ni bomba la moshi limeachana, na ile nyingine ndogo, kama mtu anayesaga meno, ni kitu kitakachovunjika baada ya saa moja kama mwendo haukupunguzwa. Basi hupunguza mwendo mahali hapo, akapoteza dakika mbili. Mwenziwe asiyejua huendelea mbio, akapata dakika mbili, na baada ya saa moja amesimama kando ya njia, kofia ya masini imefunguliwa, moshi unatoka. Aliyesimama hana haja ya kuhesabu dakika tena.

Ndivyo walivyoanguka wengi mwaka ule, mmoja baada ya mwingine. Motokari kuukuu ya wale ndugu iliendelea. Mwisho makosa yalipohesabiwa, ilionekana kwamba wamewatangulia walio wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Katika mashindano ambayo watu hugombania dakika, saa nzima ni kama mto mzima kati ya mtu na mtu. Mafundi wawili wa Kenya, kwa motokari ambayo kampuni yenyewe haikuihitaji tena, waliwashinda watu wa viwanda vikubwa. Tangu hapo watu wa Ulaya walimwita Singasinga Arukaye. Kenya wakamwita Simba. Jina hilo huku Maniema huwakumbusha wazee mambo mengine, ya vita vya mwaka 1964; lakini kule lilikuwa jina la sifa tu, nalo lilikuwa tayari ndani ya jina la ukoo wake.

Kwa habari ya mafundi wanaoendesha, kuna mwingine anayestahili kutajwa, ingawa hakufika Afrika kushindana. Marekani kuna mashindano makubwa ambayo chama chake kiliundwa mwaka 1948. Kwa asili yalikuwa ya motokari za kawaida, zile zinazouzwa dukani, kama vile Safari ilivyokuwa katika miaka yake ya kwanza. Lakini huko hawapiti milima wala mito. Huzunguka katika njia iliyojengwa kwa kazi hiyo, mviringo ulio sawa na yai, mara mia mbili au zaidi, huku maelfu ya watu wameketi wakitazama. Njia ya Daytona, iliyofunguliwa mwaka 1959, ina urefu wa kilometri 4, na kona zake zimeinuliwa kama ubavu wa kilima ili motokari zisirushwe nje kwa mwendo wao. Watu wengi wamepata mali nyingi kwa mashindano hayo.

Wendell Scott hakupata mali. Alikuwa mtu mweusi wa Danville, katika Virginia, aliyezaliwa mwaka 1921. Naye alifunzwa ufundi na baba yake. Wakati wa vita kuu ya pili alitengeneza motokari za jeshi la Marekani huko Ulaya, kisha akafungua garaji. Katika siku zile watu weusi wa sehemu za kusini walizuiliwa mahali pengi, na hata katika mashindano baadhi ya viwanja vilimfukuza. Alinunua motokari zilizochakaa akazitengeneza mwenyewe, wanawe wakimsaidia. Tarehe 1 Desemba 1963, katika mji wa Jacksonville, aliwapita wote. Lakini bendera ya ushindi ilipewa mtu mwingine, Mzungu, ambaye Scott alikuwa amemzidi mizunguko miwili. Baada ya saa kadhaa, watu wamekwisha kwenda nyumbani, wakubwa wa mashindano walikiri kwamba hesabu ilikosewa na kwamba mshindi ni Scott. Kombe hakupewa siku ile. Aliendelea kushindana mpaka mwaka 1973, alipoumia vibaya katika ajali, na akafa mwaka 1990. Jamaa zake walikabidhiwa kombe lake mwaka 2021.

Joginder alikuwa na heri zaidi, maana kombe lake alipewa mkononi, na Wakenya wa kila rangi walimshangilia. Hata hivyo baada ya ushindi wa kwanza alingoja miaka tisa kabla ya kupata wa pili. Katika miaka hiyo wengine walipokea zamu: Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, walishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, motokari ambayo mashofere wa Kongo waliijua sana kwa nguvu yake. Joginder aliingia kila mwaka. Pengine alikuwa karibu na mbele, pengine nyuma, lakini mara nyingi alifika.

Mwaka 1974 alikuwa na miaka 42. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa hata kwa Safari. Motokari yake ilikuwa Lancer, ndogo, iliyotoka Japani katika kiwanda cha Mitsubishi, na msoma-ramani wake alikuwa David Doig. Mbele yao alikuwako Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche, motokari yenye masini ya nguvu sana. Waldegård si mtu wa kudharauliwa: miaka mitano baadaye alikuwa bingwa wa dunia, na Safari aliishinda mara nne katika maisha yake. Lakini mwaka ule Porsche ilifika ya pili, na Lancer ikafika ya kwanza. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Wajapani walifurahi sana, na inaeleweka. Kiwanda hutumia fedha nyingi kuwaambia watu kwamba motokari zake ni imara, na hapo fundi mmoja aliwaonyesha watu kwa macho.

Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta alimpita hesabu. Huyo alizaliwa Uganda, akafukuzwa pamoja na Wahindi wengine mwaka 1972 na Idi Amin, akahamia Kenya, naye alishinda mara tano: mwaka 1973, kisha mfululizo toka 1979 mpaka 1982. Mara tano ni nyingi kuliko tatu, na hapana ubishi.

Lakini kuna hesabu nyingine ya Joginder, ambayo mafundi huipenda kuliko ile ya makombe. Alishindana katika Safari mara 22, toka mwaka 1959 mpaka mwaka 1980. Katika mara hizo 22, alifika mwisho mara 19. Msomaji akumbuke zile motokari 93 zilizoondoka na 7 zilizorudi, ndipo ataona hesabu hii ina uzito gani. Kushinda kwahitaji pia bahati: mvua inyeshe nyuma yako, siyo mbele yako, mwenzako avunjikiwe, siyo wewe. Kufika mara 19 hakuwezi kuwa bahati tu. Ni kazi ya usiku katika garaji kabla ya siku ya kuondoka, bulo moja moja, wakati hakuna mtu wa kutazama wala wa kupiga makofi.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, mwenye umri wa miaka 81. Safari ya siku hizi si kama ya zamani. Iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudishwa mwaka 2021. Sasa hukimbiwa katika Kenya peke yake, zaidi kandokando ya Naivasha, kwa sehemu fupi za barabara zilizofungwa, na jioni mafundi wengi huizunguka kila motokari kwa saa iliyopangwa. Matope ni yale yale. Mvua ikinyesha juu ya udongo wa Naivasha, motokari ya thamani kubwa huzama kama kamyo ya Kasongo, na watu wa karibu huja mbio, wakikunja suruali, kuisukuma.